Kusakinisha seva ukiwa mbali: nani aende Mombasa Road?

Kampuni ya Nairobi ikiwa na ofisi Westlands na seva zake katika kituo cha data cha Mombasa Road, ubishi huu hauishi: mfumo endeshi usakinishwe na fundi aliyebeba fleshi, au mashine ijivutie yenyewe kupitia mtandao? Wenye fleshi husema wanaona wanachokifanya. Wenye mtandao huuliza ni nani atakaa kwenye foleni ya Nyayo asubuhi nzima ili akabonyeze vitufe vitano. Mimi niko na wa mtandao, ila kwa masharti ambayo wengi wao hawapendi kuyataja.

Utaratibu wenyewe ni wa zamani. PXE, njia ya kuiwasha mashine kutoka mtandaoni ambayo Intel ilitoa toleo lake la 2.1 mwaka 1999, hukaa ndani ya kadi ya mtandao. Seva tupu ikiwashwa huomba anwani. DHCP, huduma inayogawa anwani za mtandao, huipa anwani hiyo pamoja na jina la faili la kuanzia, nalo huletwa kwa TFTP, itifaki sahili ya kutuma mafaili. Kisha kisakinishi huamka na kusoma faili la majibu: kwa mifumo ya Linux, ni Kickstart kwa jamii ya Red Hat, preseed kwa Debian, autoinstall kwa Ubuntu. Humo imeandikwa diski igawanywe vipi, saa iwe ya wapi, akaunti zipi zifunguliwe. Seva thelathini hutoka sawasawa, na kwangu hilo lina uzito kuliko muda uliookolewa. Za fleshi hazifanani kamwe. Ya kwanza ilipangwa Jumatatu na fundi aliyelala vizuri, ya mwisho Ijumaa jioni huku akiwahi matatu, na miezi sita baadaye mnakesha mkitafuta kwa nini moja tu ndiyo inayogoma.

Umbali nao una hesabu yake, na hapo ndipo wengi huumia. TFTP ilibuniwa enzi za 1981: hutuma kipande cha baiti 512, husubiri kithibitishwe kimefika, ndipo itume kingine. Ndani ya chumba kimoja hutahisi chochote. Lakini iweke seva ya usakinishaji Frankfurt, ujumbe uchukue milisekunde 150 kwenda na kurudi, halafu omba faili la megabaiti 60. Hivyo ni vipande karibu 120,000, yaani takriban saa tano za kusubiri tu, hata kama umelipia gigabiti nzima. Vipande vinaweza kuongezwa ukubwa, na tangu toleo la 2.5 la mwaka 2015 la UEFI, programu ya ndani inayoiamsha mashine, mashine zinaweza kuanzia kwa HTTP badala ya TFTP. Hiyo husaidia sana, lakini haiungi kebo iliyokatika baharini. Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Afrika Mashariki ilitambaa. Kwa hiyo sharti la kwanza: mafaili yakae chumba kimoja na seva, na kinachotoka mbali kiwe amri peke yake.

Sharti la pili linahusu stima. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani. Sasa chukua rafu ambayo seva zake zimepangwa zitafute mtandao kabla ya diski, na seva ya usakinishaji inaitikia yeyote anayebisha. Jenereta ikikosea na stima ikarudi, zote zinawaka pamoja, zinaomba, zinapewa kisakinishi, na kisakinishi kinafanya kazi yake ya kwanza: kufuta diski. Fundi wa fleshi akikosea, huharibu mashine moja. Hapa ni rafu nzima kabla chai haijapoa. Dawa ipo. Diski itangulie, amri ya kuanzia kwenye mtandao itolewe kwa mara moja tu, na seva ya usakinishaji ijibu kadi zilizoorodheshwa pekee. Cobbler, programu ya kusimamia usakinishaji wa aina hii, kwa mfano, ina mpangilio wa kuifuta ruhusa hiyo usakinishaji ukiisha. Asiyetaka kazi hiyo ndogo abaki na fleshi yake.

Usalama siuzungushi: TFTP haina nenosiri wala usimbaji, kwa hiyo aliye kwenye mtandao huo anaweza kusoma faili la majibu pamoja na siri mlizoziacha humo. VLAN ya peke yake, yaani mtandao uliotengwa ndani ya mtandao, ni lazima.

Kisha kuna BMC, kikompyuta kilicho ndani ya seva kinachobaki macho hata seva ikiwa imezimwa, mradi umeme upo. Dell hukiita iDRAC, HPE hukiita iLO. Bila hicho, amri ya kutoka mbali haina pa kushikia. Lakini IPMI 2.0, itifaki ya mwaka 2004 ambayo vingi huielewa, humkabidhi anayejua jina la akaunti heshi ya nenosiri la akaunti hiyo, yaani alama yake ambayo anaweza kuitumia kulikisia, kabla hata hajaingia, kwa hiyo kukianika kwenye intaneti ni kujitakia. Tena kuona skrini ya seva kutoka mbali, au kuichomekea diski ya kidhahania, mara nyingi hudai leseni ya ziada. Seva nyingi za mtumba huja bila leseni hiyo, kwa hiyo ulizia kabla hujalipa; muuzaji akianza kuzungukazunguka, haimo.