Siku 14 za Kupinga Ghorofa Kilimani

Mwenye nyumba ya chini pale Kilimani, Nairobi, akipinga ghorofa inayotaka kuota jirani yake, haraka huitwa mbinafsi. Ana nusu ekari na mijakaranda. Mbona awafungie wengine lango? Swali hilo lina uzito. Sensa ya 1999 ilihesabu watu 2,143,254 jijini, ile ya 2019 ikapata 4,397,073, na wote wanataka pa kulala. Tena viwanja hivyo vipana ni urithi wa ukoloni, uliowapa Wazungu upande wa magharibi na kuwasukuma Waafrika mashariki, Eastlands. Anayelalamika leo kwamba mtaa umeharibika huenda, bila kujua, analilia mpaka uliochorwa kwa rangi ya ngozi.

Nayakubali hayo yote. Lakini yategee sikio vizuri malalamiko ya wanaopinga: mijakaranda hutajwa mara moja, bomba hutajwa mara kumi.

Tufanye hesabu ya kukisia. Kiwanja kilikuwa na familia moja, tuseme watu sita. Panda ghorofa 15, kila moja na fleti nane, unapata fleti 120. Zikikaliwa na watu watatu watatu, ni watu 360. Kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, jengo linadai lita 36,000. Mifereji ya Nairobi ina ratiba ya mgao, kwa hiyo siku isiyo na zamu lori la lita 10,000 litakuja mara nne, kwa barabara ileile iliyotengenezewa magari mawili matatu ya familia. Au kitachimbwa kisima, na jirani naye achimbe chake, wote wakinyonya maji ya ardhini yanayozidi kushuka. Hilo ni jengo moja, na mtaa una mangapi? Maji yakishatumika huteremka kwenye bomba la majitaka, na huko hakuna mgao. Mwongozo wa jiji wa 2004, uliopanga kipi kijengwe kanda ipi, uliruhusu fleti Kilimani na mtaa jirani wa Kileleshwa pale tu palipo na bomba hilo, mwisho ghorofa nne. Leo pita Kileleshwa uhesabu mwenyewe, ukiinua shingo.

Wajenzi husema bomba linaweza kupanuliwa, na ada za majengo hayohayo zinaweza kulipia. Kweli. Ila saruji haijawahi kungoja bomba.

Hapo ndipo ilani ya kubadilisha matumizi ya kiwanja inapoingia. Hutundikwa langoni na kutolewa gazetini, kwa Kiingereza cha wanasheria: kiwanja kinatoka nyumba ya familia moja kwenda makazi ya familia nyingi, mwenye pingamizi aandikie kaunti ndani ya siku 14. Nyingi hazisemi fleti ngapi wala maji yatatoka wapi. Katiba ya 2010 inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, katika kifungu cha 10. Sijui mtu atashirikije jambo asiloambiwa ukubwa wake.

Na mpangaji atakayeishi ghorofa ya 12, akipandisha mitungi lifti ikiwa imekufa, hana nafasi yoyote katika siku hizo 14. Ilani ilipotundikwa alikuwa bado anapanga kwingine, Pipeline au Rongai. Aliyemwandikia kaunti kuhusu maji yake ni yule mbinafsi wa mijakaranda.