Dakika 90 Zilizoniokolea Muhula

Nilifika Ohio nikiwa na cheti cha kidato cha sita, mchepuo wa EGM (uchumi, jiografia na hesabu), na miaka miwili ya kujitolea kufundisha hesabu katika sekondari moja ya kata kule Handeni, Tanzania. Chuo nilichojiunga nacho, ambacho ada yake niliitafuta kwa kulea wazee usiku, kikaniambia lazima nianze na aljebra ya mwaka wa kwanza. Krediti 3 (vipimo vya masomo unavyokusanya hadi kufikia shahada), muhula mzima. Nilipofungua kitabu nikakuta milinganyo ya kipeo cha pili na logi, mambo niliyokuwa nikiwaandikia wanafunzi ubaoni mpaka chaki inaniishia mkononi. Iliniuma sana. Kulipa nilikuwa tayari, lakini kulipia kitu ninachokijua, kwa pesa ya kukesha, kuliniuma.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa Bukavu, Kongo, tuliyekuwa naye zamu moja. "Mdogo yangu, juu ya nini unalipa feza ya kitu unajua tayari?" Akanieleza kuhusu CLEP, mitihani ya kupata krediti za chuo bila kuisoma kozi yenyewe. Yeye alikuwa ameshafanya mtihani wa Kifaransa, lugha aliyosomea tangu utotoni. Mtihani ule ni wa kusikiliza na kusoma tu, na chuo chake kikamwandikia krediti 6. Sawa na kozi mbili, bila kukanyaga darasani.

CLEP ni mitihani ya College Board, taasisi ileile inayosimamia SAT, mtihani wa kuombea chuo huku, na imekuwepo tangu 1967. Iko mitihani zaidi ya 30: aljebra, biolojia, sosholojia, historia ya Marekani, uchumi, uhasibu na mingineyo. Mingi huchukua dakika 90 kwenye kompyuta. Alama huanzia 20 hadi 80, na vyuo vingi huhesabu 50 kuwa umefaulu. Jibu la kosa halikupunguzii kitu. Ada iko chini ya dola 100, ukiongeza kidogo cha kituo cha mtihani. Na lipo shirika liitwalo Modern States lenye kozi za bure mtandaoni: ukiimaliza kozi, wanakupa vocha ya kulipia mtihani. Nilifanya hivyo. Nilisoma wiki tatu baada ya zamu, nikaenda kituoni, na nilipobonyeza kitufe cha mwisho alama zikatokea palepale kwenye skrini. 67. Nilikaa garini kwa muda kabla ya kuwasha injini.

Nyumbani tunaujua mtihani vizuri, pengine kuliko watu wa huku. Ila mitihani yetu mikubwa imekaa mlangoni: cha nne, cha sita, unaingia au unabaki nje. Ukishaingia chuo kikuu, hakuna anayekuuliza unajua nini. Mhasibu aliyeshika vitabu vya kampuni miaka kumi anakaa darasa moja na kijana aliyetoka jeshini JKT mwezi uliopita, wote wanafundishwa debiti na krediti kuanzia ukurasa wa kwanza, wote wanasaini karatasi ya mahudhurio.

Sisemi kwamba wazo hili ni geni kwetu. Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, humruhusu mtu ambaye hakuwahi kuvaa sare ya sekondari kuelekea mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ni jambo kubwa na la haki, na nina shangazi aliyepitia huko akiwa na watoto wanne. VETA, mamlaka ya ufundi stadi, nao wana urasimishaji wa ujuzi: fundi seremala aliyejifunza kwa baba yake anapimwa akiwa kazini, anapewa cheti. TCU, tume ya vyuo vikuu, nayo inautambua ujuzi wa awali kwa anayetaka kuingia chuo kikuu bila sifa za kawaida. Basi tumekwisha kukubali kwamba maarifa ya nje ya darasa ni maarifa. Ninachodai ni hatua moja zaidi: mtu akishadahiliwa, apewe nafasi ya kufanya mtihani wa kozi za utangulizi, na akifaulu ahesabiwe kozi hiyo. Vyuo vyetu vina wahadhiri wa kuutunga, na baraza la kuusimamia mtihani wa pamoja lipo, lenye uzoefu wa miaka mingi.

Kwa ndugu zangu mlioko huku Marekani, nawaomba mchukue tahadhari. Muulize ofisi ya msajili wa chuo chako kabla ya kulipa chochote, na upate jibu kwa maandishi, maana kila chuo kina orodha yake na kikomo chake, na vingine havipokei kabisa. Ukifeli unasubiri miezi mitatu. Na mwenye viza ya mwanafunzi akumbuke kwamba krediti za mtihani hazihesabiwi katika mzigo wa muhula anaotakiwa kuubeba.

Liko moja linalonikera. Lugha za CLEP ni Kihispania, Kifaransa na Kijerumani. Kiswahili hakimo, wakati ndicho kinachozungumzwa jikoni kwa Wakongo, Wakenya na Warundi wangapi katika jimbo hili! Lakini usikate tamaa: ACTFL, chama cha walimu wa lugha za kigeni cha Marekani, wana usaili wa kupima uzungumzaji wa Kiswahili, na vyuo kadhaa huupokea. Mwanao anayeongea Kiswahili nyumbani ana krediti mdomoni. Mwulizie.

Mdogo wangu wa kike alifanya kazi benki miaka tisa kabla ya kuanza shahada mwaka huu. Juzi alinipigia akiwa kwenye korido ya chuo, nikamwuliza wanasoma nini. "Leo ni usuluhishi wa hesabu za benki, kaka," akasema. Yaani kulinganisha vitabu vya hesabu na taarifa ya benki, kazi aliyokuwa akiifanya kila mwisho wa mwezi, na aliyowafundisha wageni watatu waliokuja baada yake. Nilitaka tuzungumze zaidi, lakini semina ilikuwa inaanza saa tatu, na asiposaini anakatwa alama.