Nilivyoipisha Meli

Niliingia Uholanzi mwaka 1986 nikiwa na masikio mabovu. Miaka sita nilikuwa mpakaji grisi katika chumba cha injini cha meli ya mizigo, na mtu aliyekaa kule chini miaka sita ukimwambia "Habari za asubuhi" atakujibu "Saa kumi na moja." Nayataja masikio mapema kwa sababu bila hayo mtasema hadithi nimeitunga barazani.

Rotterdam nilipokewa na Ami, mzee wa Unguja aliyeshuka melini zamani na kuweka kambi Katendrecht, mtaa wa mabaharia. Siku ya kwanza tu, nilipotaka kuanika shati langu kwenye kamba iliyopita juu ya dirisha, alinishika mkono. "Mwanangu, kamba huitundikii kitu mpaka ujue upande wa pili imefungwa wapi." Nikasema ndiyo, Ami. Alipogeuka nikatundika. Pazia, fimbo ya pazia na kipande cha plasta vikaingia kwenye chungu cha mchuzi. Tulikula, lakini tulitafuna kwa uangalifu.

Ami ndiye aliyenitafutia kazi. Nilikuwa nimejisifu kwake kwamba kabla ya bahari nilikuwa utingo, kisha dereva wa Fiat za Zambia, Dar hadi Ndola, enzi zile barabara inakula gari na dereva. "Malori unayajua?" akaniuliza. "Ami, mimi nimezaliwa uvunguni mwa lori." Basi akanipeleka kaskazini, Friesland, kwa bwana mmoja aliyekuwa akiuza malori ya Kimarekani na kutaka mtu wa kuyaosha, kuyapaka grisi na kuyasogeza.

Bosi alivaa kofia pana na buti zenye ncha, na Marekani hajakanyaga hata siku moja. Alinunua vichwa vya malori vilivyokwisha tembea kule, vinakuja kwa meli hadi Rotterdam, yeye anavifanyia ukarabati na kuviuza kwa wapenzi. Nasema wapenzi kwa sababu mtu mwenye akili ya biashara hanunui. Alijua hadithi zote. Mteja akiingia tu anaambiwa kwamba Kenworth ilianza Seattle mwaka 1923, na jina ni Kent na Worthington waliounganishwa kama mabanda mawili. Akisimama mbele ya Mack anaambiwa habari za yule mbwa wa kwenye boneti, bulldog: kwamba askari wa Kiingereza ndio waliolifananisha lori hilo na mbwa wa aina ile katika vita vya kwanza, na kwamba sanamu yenyewe aliichonga injinia mkuu wa kampuni, Alfred Masury, mwaka 1932 akiwa amelazwa hospitalini. Mteja anasikiliza, anacheka, anampapasa mbwa kichwa. Halafu anauliza swali moja tu, na uso wa Bosi unasinyaa.

"Urefu?"

Hapo ndipo ugomvi wote ulipo. Marekani, tangu sheria ya mwaka 1982, kwenye barabara zao kubwa hawapimi tena gari zima, wanapima tela peke yake. Ndiyo maana kichwa chao kinaweza kuwa na pua ndefu kama foleni ya mafuta ya taa, na nyuma ya kiti kikawekwa chumba cha kulala ambacho Tanga ungekipangisha. Ulaya wanapima kuanzia bampa la mbele hadi taa za nyuma. Siku hizi semi, yaani kichwa na tela lake, kwa kawaida haitakiwi kuzidi mita 16.5. Kila sentimita ya pua imeibwa kwenye mzigo. Kwa hiyo mwenye hesabu zake hununua gari la uso bapa, dereva anakalia injini, mambo yamekwisha. Bosi aliyaita magari hayo "makabati". Hasa aliyadharau makabati ya Eindhoven, yaani DAF. Mwaka 1996 PACCAR, wenye Kenworth, wakainunua DAF yenyewe. Nilimpigia simu kumpa pole. Hakupokea.

Hata ukikubali kuibiwa mzigo, umeme nao una maneno. Gari la Mmarekani lina volti 12, tela la huku lina volti 24. Ukiwafungisha ndoa hivihivi, taa za tela zinawaka kama koroboi iliyobakiza utambi. Spidi ni ya maili. Taa za kona za nyuma ni nyekundu, na huku wanataka rangi ya machungwa. Yote hayo tuliyabadilisha kwa mikono yetu, na bado wanunuzi walikuwa wale wale: watu wa mabembea ya sherehe, wabebaji wa mashine nzito, na wanaume ambao Bosi alisema wametoka kupewa talaka wiki hiyo.

Kijiji chenyewe kilikuwa maji mbele, maji nyuma, na ng'ombe katikati. Uwanja wetu wa kuegeshea ulikuwa ng'ambo ya mfereji, gereji upande huu, na kati yake daraja la kuinuliwa. Chombo kikitaka kupita kinapiga honi: ndefu, fupi, ndefu. Mlinzi wa daraja, mzee mnene mwenye kiko, anafunga barabara na kuliinua. Halafu jambo ambalo wiki ya kwanza lilinifanya nikae chini kwa kicheko: anachukua ufito wa kuvulia samaki, mwisho wa mshipi kumefungwa kiatu cha mti cha Kiholanzi, anamtupia nahodha, nahodha anatia gilda za ushuru ndani ya kiatu, kinavutwa juu. Nilimwandikia mama yangu. Hakuamini.

Sasa siku yenyewe. Mwezi wa kumi na moja, 1988. Mteja alikuwa anatoka Groningen kuja kuangalia Kenworth moja, W900, ya pua ndefu, mabomba mawili ya eksozi yamesimama kama minara. Ilikuwa imelala uwanjani wiki tatu. "Tanga," Bosi akaniambia jana yake (jina langu lilimshinda, akaniita kwa mji wangu), "saa moja asubuhi niikute mlangoni, inang'aa."

Saa kumi na mbili na nusu niko uwanjani. Ukungu umeshuka, huoni mkono wako, na mvua ya usiku imenilowesha njia nzima nikiwa kwenye baiskeli. Koti langu lilikuwa la turubai, zito, na mifukoni mna spana mbili, nyundo ndogo na funguo za magari kumi na moja. Limekunywa maji mpaka limeshiba. Nikapanda, nikawasha injini, nikaangalia mishale ya upepo: sifuri. Gari limelala wiki tatu, upepo wote umevuja, kwa hiyo breki zimejifunga na lazima usubiri tangi zijae. King'ora cha upepo mdogo kinalia, huo ni wimbo wa kawaida.

Nikatafuta pa kutundika koti. Na Mmarekani, nikaona, ni mtu mwenye kumfikiria mwenzake: juu ya dirisha la dereva, kwenye dari, amepitisha kamba safi ya kuanikia nguo. Nikalitundika. Kamba ikashuka kidogo, haikulalamika. Upepo ulikuwa bado haujajaa.

Mtakuwa mmekwisha kuelewa. Mimi sikuelewa. Kwenye Fiat honi unaibonyeza katikati ya usukani kama mtu mstaarabu.

Upepo ukajaa, nikakisukuma ndani kifundo cha breki, kile cha manjano, nikaingiza gia, tukatoka taratibu. Njia ya kwenda darajani ni ya matofali, imebonyea hapa na pale, na lori tupu lisilo na tela huruka kama mbuzi. Shimo la kwanza, koti likaruka, likatua. Nikasikia meli.

Naapa nilisikia meli. Honi ya upepo juu ya paa, ukungu nje, eksozi mbili mgongoni, na masikio niliyoyataja. Sauti haikuwa na upande. Nikajiambia, leo kuna chombo kikubwa mferejini. Shimo la pili likawa refu: honi ndefu. Tuta dogo: fupi. Kisha mahali ambapo ng'ombe wamebomoa ukingo, pale koti lilining'inia na kuvuta sawasawa: ndefu. Damu ya ubaharia ikaamka. Ndefu, fupi, ndefu! Anaomba daraja.

Nami, kwa adabu niliyofundishwa baharini, nikapunguza mwendo ili nimpishe.

Taa nyekundu za daraja zikawaka mbele yangu kwenye ukungu. Kengele ikagonga. Mlinzi naye alikuwa amesikia. Vizuizi vikashuka, daraja likapanda juu polepole kama mkono wa mwanafunzi anayejua jibu. Nikavuta kifundo cha breki, nikatulia. Gari likatulia, koti likatulia, na meli nayo ikanyamaza. Nikaona ajabu. Imesimama?

Dakika ya kwanza. Dakika ya tatu. Nyuma yangu lori la maziwa, nyuma yake basi, kando yake watoto wa shule na baiskeli zao, wamesimama kwa utulivu wa Kiholanzi ule unaotisha. Mlinzi amefungua dirisha la kibanda chake anachungulia maji, kiko mdomoni na ufito mkononi, kiatu kinaning'inia tayari. Maji hayana hata bata.

Nikaona nimsaidie mzee wa watu. Nikashuka nikatazame ukingoni, na kwa kuwa ni baridi nikaubamiza mlango nyuma yangu. Kumbe mkono wa koti ulikuwa umetoka nje. Mlango ukaung'ata, ukauvuta, na kamba yote ikakazika.

Wenzangu, honi ile ukiwa chini yake si sauti tena, ni kipigo. Honi mbili ndefu za shaba, tangi zimejaa, mfululizo. Watoto wa shule waliziba masikio. Ng'ombe walihama shamba. Mlinzi akachungulia maji zaidi, nusura aanguke, kwa sababu sasa meli iko hapa hapa na bado haonekani mtu. Na mimi, nisamehewe, nilitazama mferejini naye kwa sekunde kadhaa, mpaka msichana mdogo mwenye baiskeli nyekundu akaninyooshea kidole. Hakuninyooshea mimi. Alinyoosha juu ya paa langu, kisha kwenye mkono wa koti uliotoka mlangoni ukipungia watu.

Nikarukia mlango. Umejifunga. Nikazunguka upande wa pili. Umefungwa. Ufunguo uko ndani, unazungusha injini. Funguo nyingine zote kumi na moja za Bosi ziko wapi? Kwenye mfuko wa koti.

Kilichofuata ni kungoja. Injini inasaga polepole, pampu inatia upepo kidogo, honi inakula mwingi. Sauti ikaanza kushuka: kutoka meli ikawa treni, kutoka treni ikawa fahali, kutoka fahali ikawa mzee anayekoroma baada ya futari. Ndani kile king'ora cha upepo mdogo kikaanza kulia kuipokea. Kisha ikabaki pumzi tu, ffff, na kijiji kizima kikasikia kimya.

Bosi alifika kwa baiskeli, buti zenye ncha, suruali ya kulalia, kofia yake pana. Alikuwa amesikia akiwa kitandani. Aliniambia baadaye kwamba aliitambua honi yake kwa sauti, ila alidhani ni ndoto nzuri. Alikuja na ufunguo wa akiba. Akafungua mlango, koti likaanguka miguuni pake na nyundo ikamwangukia kidoleni, kwa hiyo maneno yake ya kwanza kwangu asubuhi ile yalikuwa ya Kifrisia na sikuyashika.

Tukakaa kungoja tangi zijae upya, maana bila upepo breki hazifunguki, na daraja lilikwisha shuka, na lori la maziwa nalo lilikuwa linapiga honi yake, kihoni kidogo cha kabati. Bosi akaligeukia kwa dharau.

Mshale ulipofika mahali pake nikasogeza gari hadi usawa wa kibanda. Mlinzi akanyanyua mkono: simama. Alikuwa na daftari lake lile la vyombo.

"Jina la chombo?"

Nilimtazama Bosi. Bosi alitazama mbele. "Kenworth," nikasema.

"Bandari?"

"Seattle."

Akaandika pole pole, akilamba penseli. Kisha akauchukua ufito, akautupa kwa ufundi, na kiatu cha mti kikaja kikaingia dirishani kwangu, kikasimama mbele ya pua yangu kikibembea.

"Kwenye daraja langu," akasema mzee, "ushuru ni kwa urefu."

Bosi, ambaye alikuwa amenyamaza muda wote ule, akajitupa juu yangu na kutoa kichwa nje, kofia ikaanguka. "Bila boneti!" akapiga kelele. "Boneti usihesabu!"

Mlinzi akatoa kiko mdomoni. "Bwana," akamwambia, "hapa ni Ulaya."

Tukatia gilda za pua.