Mazigazi ya Baba Watoto

Mume wangu ni mkaguzi wa hesabu, na safari yetu ya jangwa la Chalbi aliipika miezi mizima juu ya meza ya chakula, hata watoto wakazoea kula sakafuni kwa kuwa meza ilikuwa imekaliwa na Kaunti ya Marsabit. Kila usiku alikuwa pale na rula na kalamu nyekundu. Nairobi hadi Isiolo, Isiolo hadi Marsabit kwa lami, kisha tuiache lami tushuke Maikona, Kalacha, North Horr, hadi Loiyangalani kwenye Ziwa Turkana. Kila kituo kilikuwa na saa yake, na kila saa ilikuwa na shughuli yake. Mstari mmoja siusahau: "Saa 4:30 hadi 4:50 asubuhi: watoto kuoneshwa mazigazi."

Ratiba ikachapishwa kwa rangi, ikatiwa plastiki, kila abiria akapewa nakala. Kitinda mimba wetu, ambaye hata kusoma hajui, alipewa yake akaitafuna.

Haki yake nimpe, mengi aliyapanga vizuri. Alikataa katakata kwenda na gari moja, basi shemeji yangu akaitwa aje na pikapu yake. Maji ya kunywa alihesabu lita tano kwa kila mtu kwa siku, na za ziada. Dizeli aliitia kwenye mitungi yenye rangi tofauti na ya maji, maana ukishapita Marsabit huwezi kutegemea kukuta pampu kila mahali. Alinunua beleshi, kamba ya kuvutia gari, na kipimo cha upepo wa tairi. Utabiri wa hali ya hewa aliutazama kila asubuhi: North Horr, jua, kesho yake, jua, na keshokutwa, jua.

Asichokitazama ni milima. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale. Mvua hailazimiki kunyesha pale pale; ikipiga mlima Marsabit au vilima vya Huri, maji hushuka yenyewe kama yanayojua njia ya kwao. Na mwaka ule vuli ilikuwa imechelewa kuaga.

Abiria mmoja hakuwemo kwenye ratiba. Mama mkwe hakualikwa. Alisikia tu, na alhamdulillahi akaja. Alishuka kwenye treni ya Mombasa na debe la kaimati, chupa ya achari ya ndimu, na majamvi matatu yaliyofungwa kwa kamba ya mnazi.

"Mama," mume wangu akasema kwa upole wa mtu anayefunga hesabu, "haya majamvi hayamo kwenye orodha."

"Na mimi nimo?"

Masikini akaitazama orodha. Majamvi yakapakiwa kwenye pikapu ya shemeji.

Marsabit tuliingia usiku, na ukungu wake na baridi yake. Watoto walioahidiwa jangwa wakalala na masweta mawili mawili. Asubuhi, kwa mujibu wa ratiba, tukapewa historia ya Ahmed, yule tembo wa mlima ule mwenye pembe za kukaribia kugusa ardhi, ambaye Mzee Kenyatta alimpa ulinzi kwa amri ya rais mwaka 1970, akawa anafuatwa na askari hadi alipokufa mwaka 1974.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akaguna. "Tembo amelindwa na rais. Mimi mzazi sipewi hata kiti cha mbele."

Ndivyo nilivyohamia kiti cha nyuma, katikati ya watoto na sufuria. Ninayaeleza haya ili ijulikane nani alikuwa amekaa wapi jambo lilipotokea.

Kesho yake tuliondoka Kalacha asubuhi. Shemeji alibaki nyuma chini ya mikoma ya pale kwenye chemchemi, akisema anamalizia chai ya maziwa ya ngamia. Kwenye ratiba chai ile haikuwemo, na mume wangu alinuna kilomita kadhaa. Kisha Chalbi ikafunguka mbele yetu, nyeupe, tambarare, hakuna mti, hakuna jiwe, na bwana wangu uso ukamchangamka. Saa nne na nusu juu ya alama akasimamisha gari.

"Watoto, tazameni kule. Mnaona kama maji? Si maji. Hewa iliyogusa ardhi imepata joto kuliko ya juu yake, basi mwanga ukipita hapo hupinda, na mnachokiona ni mbingu. Haya ndiyo mazigazi."

Na kweli yalikuwa mazigazi. Tulisogea, yakasogea. Tukasogea tena, yakakimbia. Watoto wakapiga makofi, na mume wangu akatia alama ya vyema kwenye ratiba yake.

Tatizo likaja baadaye kidogo, tulipoona mengine upande wa kulia wa njia, yaking'aa zaidi.

"Baba," mama mkwe akamwita mwanawe, "yale ni maji."

"Hapana, Mama. Ni mazigazi."

"Yana ndege."

Nami niliwaona. Ndege weupe, miguu mirefu, wamesimama wakidonoa.

"Hayo nayo ni macho tu, Mama. Joto hufanya hivyo." Akazidi kukata kona kuyaelekea, apate kumwonesha vizuri zaidi.

"Na yule anayekula samaki, naye anakula mazigazi?"

Mazigazi hukimbia ukiyafuata. Haya yalitusubiri. Kulikuwa na ganda jeupe la chumvi juu, zuri kama sakafu iliyopakwa chokaa, na chini yake uji mtupu. Gari lilisikika likisema *pwaa*, likainama mbele kwa adabu, likatulia. Ndege wakaruka. Hapo ndipo mume wangu alipoacha kuzungumza habari za mwanga.

Alikanyaga mafuta. Magurudumu yote manne yakavuta, na yote manne yakachimba. Beleshi lilikuwemo, ndiyo, lakini buti lilikuwa limepangwa kwa kufuata ratiba: kilichohitajika siku ya mwisho kiko chini. Juu ya beleshi kulikuwa na hema, juu ya hema magodoro, juu ya magodoro mitungi. Kuvitoa vyote na kuviweka juu ya tope ni kazi ambayo sitaki kuikumbuka.

Mama mkwe alivua viatu, akapandisha buibui, akashuka. Amekulia Mikindani, kando ya mikoko, na tope analijua kama mvuvi anavyojua bamvua. Akalichota, akalivunja kwa vidole.

"Hili ukilipiga vita linakumeza. Acha kukanyaga mafuta. Punguza upepo wa tairi. Na mwite ndugu yako alete majamvi yangu."

Tairi zikashushwa kutoka 35 hadi 18. Shemeji akatokea, chai imekwisha, akasimamisha pikapu kwenye ardhi ngumu kwa sababu yeye, ambaye hakuwahi kuisoma ratiba, aliyaona maji akayaamini. Majamvi mawili yakatandikwa nyuma ya magurudumu, la tatu likakatwa vipande. Kamba moja haikufika, tukaunga mbili.

Wakati huo akaja mzee wa Kigabra na vijana wawili, wakiswaga ngamia. Walisalimia, wakatazama gari, wakatazama upana wa jangwa lote lililokuwa kavu pande zilizobaki. Mzee akamgeukia mume wangu, akauliza kwa Kiswahili cha taratibu, bila dharau yoyote:

"Hukuona maji?"

Mume wangu akafuta miwani.

"Aliyaona, baba," mama mkwe akamjibia. "Aliyakataa."

Vijana walicheka hadi wakashikilia ngamia. Kisha wakakunja mashuka yao, wakaingia topeni, tukasukuma sote. Gari lilipanda juu ya majamvi, likatoka kinyumenyume huku likiturushia tope la chumvi mpaka kwenye meno. Ngamia walisimama kando muda wote, wakitafuna. Wenyewe walikataa fedha, walipokea kaimati.

North Horr mtandao ulirudi, na mama mkwe akaanza kazi. Alipompigia dada yake, maji yalikuwa magotini. Kwa jirani yake wa Mikindani yakafika kiunoni, nami nikawa nimezimia. Jioni, Loiyangalani, ule upepo unaozungusha mitambo 365 ya umeme kule Sarima ulikuwa unatunyang'anya hema, sisi tumening'inia kwenye kamba, yeye yumo garini anampigia binamu wa Malindi: gari limezama hadi paa, na ngamia wanne wamelivuta.

Mume wangu akachungulia dirishani. "Mama, ngamia hawakuvuta gari."

Akaiziba simu kwa kiganja. "Baba, na wewe ulisema si maji."