Tuwaue popo? Mgodi wa Kitaka umeshajaribu

Kila homa ya Marburg inapolipuka Uganda, kuna watakaosema popo wauawe tupumzike. Msiwacheke. Mwaka 2007 wachimbaji wanne wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa nchi, waliugua na mmoja akafa. Wanasayansi walipoingia humo walivikuta virusi hai ndani ya popo wa matunda, na popo wenyewe walikuwa makumi ya maelfu. Marburg haina chanjo iliyoidhinishwa. Mtu anayeshinda shimoni akitafuta dhahabu huku popo wakimkojolea kichwani ana haki ya kutaka waondoke.

Na waliondolewa kweli. Mwaka 2008 milango ya mgodi ilizibwa kwa mafunjo na nyavu za kuvulia samaki, popo wakaangamizwa, mizoga ikarundikwa msituni. Miaka minne baadaye Marburg ikazuka Ibanda, mji usio mbali na mgodi huo, ikafika hadi Kabale. Waliothibitishwa na maabara walikuwa 15, idadi ambayo Uganda haikuwahi kuiona kwa ugonjwa huo. Watafiti waliporudi Kitaka walikuta popo wamerejea, wachache mno kuliko zamani, lakini sehemu ya walioambukizwa ilikuwa zaidi ya maradufu ya ile ya mwanzo. Virusi vyao vilifanana sana na vya wagonjwa.

Maelezo ya watafiti ni haya: popo walioishi pamoja kwa muda mrefu, wengi wao wameshaambukizwa wakapona na kupata kinga. Ukiwamaliza, pango tupu linavuta popo wageni ambao wengi hawana kinga, na virusi vinapata pa kuenea. Mtetezi wa mauaji anaweza kujibu kwamba mgodi mmoja hautoshi kuwa ushahidi. Ni kweli. Ila upande wake hauna hata huo mmoja.

Tena kuna hasara isiyoonekana hospitalini. Popo wa matunda husambaza mbegu za miti kama mvule, na kinyesi chao (ndiyo, hicho hicho kinachoogopwa) kikishavunjwa na bakteria wa udongoni huwa mbolea.

Wanaopinga mauaji hupenda kutaja Pango la Chatu katika Hifadhi ya Malkia Elizabeth. Watalii wawili waliambukizwa huko mwaka 2007 na 2008, Mmarekani akapona, Mholanzi akafa. Popo hawakuguswa. Pango lilifungwa, kisha pakajengwa mahali pa kuwatazamia kwa mbali, nyuma ya kioo. Mfano mzuri, lakini ni wa hifadhi yenye wafadhili na watalii. Mchimbaji hawezi kuchimba akiwa nyuma ya kioo.

Inajulikana pia kwamba popo huzaa mara mbili kwa mwaka, na wadogo wanapokaribia miezi sita ndipo maambukizi hupanda: kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba, halafu katikati ya Desemba hadi katikati ya Machi. Maambukizi mengi ya Marburg kwa binadamu yameanzia katika vipindi hivyo. Kufunga mgodi nyakati hizo kunaonekana rahisi mpaka uhesabu miezi: ni nusu ya mwaka. Kibarua anayelipwa kwa siku atakula nini? Kwangu popo wabaki, lakini barakoa, glavu na posho ya miezi ya kufunga zitoke mfukoni mwa mwenye mgodi, kwa kuwa dhahabu ni yake.