Regyuleta yako, uifungue mwenyewe au umpelekee fundi?

Kwa sisi tunaozamia kuna ubishi hauishi, ukiugusa tu watu wanagawanyika Simba na Yanga: mzamiaji ajifunze kufanya sevisi ya vifaa vyake mwenyewe, hasa regyuleta, kile kifaa cha kuvutia hewa ya mtungi, au amwachie fundi mwenye cheti cha kampuni? Wa huku wanasema hicho ndicho kinachokupa pumzi chini ya maji, hakichezewi. Wa kule wanasema ni vali mbili na mipira tu, fundi pikipiki pale kijiweni anafungua vitu vigumu zaidi kila siku huku anakunywa chai.

Mi nilikuwa wa huku kabisa, mpaka niliposafirisha regyuleta yangu kutoka Mafia kwenda Dar, ikakaa wiki tano, ikarudi na bili ya maana na inavuja sehemu ambayo ilipoondoka ilikuwa nzima. Hapo ndo nikaanza kujiuliza hicho cheti kinanilinda na nini hasa, maana mara nyingi kinatokana na semina ya siku moja au mbili.

Tuangalie mashine yenyewe kwanza. Mtungi uliojaa una presha ya kama bar 200, steji ya kwanza inazishusha mpaka kama bar 9 au 10 juu ya presha ya maji yaliyokuzunguka, halafu steji ya pili, ile ya mdomoni, inamalizia mpaka hewa iwe ya kuvutika. Ni akili ile ile ya Cousteau na Gagnan, waliobuni kifaa cha aina hii mwaka 1943. Ndani unakuta springi, kiwambo au pistoni, siti ndogo ya plastiki (ndiyo inayoziba hewa) na oringi kadhaa, yaani pete za mpira za kuzuia kuvuja, basi. Na kitu ambacho watu wa "usiguse" huwa hawakisemi ni kwamba kwenye regyuleta nyingi siti ya steji ya kwanza ikichoka presha inapanda na hewa inaanza kumwagika yenyewe mdomoni, yaani haikatiki. Makosa mengi ya sevisi yanaishia kwenye kelele na mapovu. Ila usishangilie mapema, hewa ikimwagika uko mita 30 mtungi unaisha ndani ya dakika chache sana, na mgeni mwenye daivu kumi tu maishani mwake hapo anapaniki na kukimbilia juu, na huko kupanda kwa pupa ndiko kunakoua.

Kwahiyo hofu yao ina msingi, ila nadhani wameiweka pasipo pake. Kufungua sio kugumu. Shida ni vitu vidogo ambavyo huvioni: umetoa oringi kwa ncha ya bisibisi badala ya kijiti cha plastiki au shaba, umekwaruza pale inapokaa, mkwaruzo kama unywele, na kuanzia hapo hata uweke oringi mpya mara ngapi itavuja tu. Au umepaka grisi ya silikoni ya kawaida kwenye kifaa cha mtu anayezamia na gesi yenye oksijeni zaidi ya asilimia 40, hiyo ni hatari ya moto kabisa, inatakiwa grisi yake maalum. Halafu spea, kampuni nyingi hazimuuzii kit mtu ambaye sio wakala, matokeo yake watu wanaokoteza oringi za kufananisha dukani na hapo ndo usalama unapokufa. Hili linanikera kwasababu kampuni hiyo hiyo inayosema inajali uhai wako ndiyo inakusukuma kwenye spea za kubahatisha.

Ukiniuliza mimi, kabla ya kujifunza kufungua jifunze kupima. Geji ya presha ya kati, ile inayotoka steji ya kwanza kwenda ya pili, inachomekwa kwenye hosi ya jaketi la kuelea na bei yake sio ya kutisha. Unafungua mtungi, unabonyeza hewa itoke, unaangalia mshale: ushuke, urudi, usimame. Ukiendelea kupanda taratibu siti imechoka. Kipimo kingine hakina gharama hata senti: bila kuunga mtungi, kifuniko cha steji ya kwanza kikiwa kimefungwa, vuta pumzi mdomoni, hewa ikiingia kuna kiwambo kimechanika au vali ya kutolea hewa haikai vizuri. Mtu anayepima hivi kila mwezi na kuosha vifaa vyake kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni yuko salama, kwa maoni yangu, kuliko anayelipa sevisi mara moja kwa mwaka halafu anaacha chumvi ikaukie ndani.

Mitungi ni habari nyingine, hapo sibishani na mtu. Alumini iliyoshindiliwa bar 200 ikipasuka inaondoka na chumba, iende kwa wenye mashine za kupimia.

Na vifaa vya wageni pia siviungi mkono. Wewe unayeongoza wageni kuzamia ukifungua regyuleta yako ukakosea, umekosea na mwili wako. Ukifungua ya kukodisha bila karatasi yoyote, yule mgeni hajui na hakuulizwa, na siku ya matatizo bosi ndo wa kwanza kukuruka.

Yangu sasa naifungua mwenyewe, mwaka wa tatu huu. Ila nikishaifunga siipeleki kwenye mkondo wa mlango bahari wa Kinasi, nashuka nayo hapa hapa Utende karibu na ufukwe, mita nne tano, na jamaa yangu pembeni ana oktopasi (ile steji ya pili ya akiba), nakaa nusu saa naisikiliza inavyopumua.