Bamba la juu peke yake halitoshi

Bamba la chuma lina sifa moja mbaya: linaonekana lina nguvu kuliko lilivyo. Ukiitazama eksirei ya dole gumba la mguu lililofungishwa kiungo, yaani mifupa yake miwili imeshikanishwa iungane iwe mmoja, unaona bamba limelala juu na skrubu zimejipanga, unaridhika. Sasa mkanyagishe mgonjwa. Ardhi inasukuma ncha ya dole kwenda juu, na kiungo kinaachama kwa chini, upande wa unyayo. Bamba liko upande unaobanwa, na ule unaovutwa hauna wa kuushika. Ndiyo maana maabarani, bamba jembamba la juu likiwa peke yake hupinda mapema, ilhali likiongezewa skrubu moja ya mshazari inayovuka kiungo, uimara hupanda sana.

Kwa hiyo nashikilia hivi: skrubu kwanza, bamba baadaye. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, ikishakwanguliwa yote, toboa mfupa mgumu wa chini kwa keekee ya milimita 2 hadi damu ichuruzike, shikiza kwa waya, kisha kandamiza kitu bapa kwenye unyayo uone dole limekaaje. Hapo ndipo ipite skrubu ya milimita 3.5 au 4, ile yenye nyuzi (mikato ya kuzunguka) upande wa ncha tu. Nyuzi zote lazima zivuke mstari wa kiungo. Zikibaki chache upande wa kichwa cha skrubu, skrubu haibani tena, inayashikilia mapande mawili yakiwa mbalimbali. Skrubu za kujifunga kwenye bamba nazo zina mtego uleule: ukizikaza pande zote kabla ya kubana kiungo, umelifungia pengo ndani.

Waya nao usidharau unene wake. Kutoka milimita 1.6 kwenda 2.0, ukinzani wa kupinda unakaribia kuongezeka mara mbili na nusu.

Halafu hizi nyutoni, vipimo vya nguvu ya kuvunja kifaa, zinazotangazwa! Kuvunja kifaa kwa pigo moja kunasema machache, maana mguu hukanyaga maelfu ya mara. Mimi ningeuliza pengo la upande wa unyayo limefikia kiasi gani baada ya mizunguko hiyo, na kipimo kilifanyika kwenye mifupa bandia au ya mzee iliyolainika, ambamo kichwa cha skrubu huzama kama msumari kwenye boga.

Kiungo kilicho kati ya kisigino na mfupa wa juu yake, nacho kikifungishwa, kina adui mwingine, msokoto. Skrubu moja nene ya milimita 6.5 hubana vizuri, lakini kisigino bado kinaweza kuizunguka. Ya pili, iliyoelekezwa kando na ya kwanza, ndiyo inayokizuia.